Gari la Wagonjwa Wanane

Ipo nchi moja. Usiniulize iko wapi, maana nikikwambia utataka kwenda kuitazama, na ukifika mpakani utatozwa ada ya kutazama. Inaitwa Kamulio. Ni nchi tajiri sana, nalisema hilo mapema ili msomaji asije akadhani tunazungumzia maskini. Ina dhahabu, ina karafuu, ina mto usiojua kiangazi, na matajiri wamejaa kama kunguni kwenye kitanda cha gesti. Kilichokosekana Kamulio ni tajiri mmoja tu aliyewahi kufungua mkono wake akiwa macho.

Usidhani nawasema vibaya. Huko ubahili si aibu, ni elimu. Mtoto wa tajiri kabla hajajua kusoma hupelekwa kwa babu yake akafundishwe kukamua dawa ya meno iliyokwisha, na akifuzu hapo, kuupasua mrija kwa wembe na kukwangua kuta zake. Majani ya chai ya Ikulu huchemshwa kwanza na Rais, yakaanikwa kwenye kamba ya nguo, yakateremshwa kwa mawaziri, kutoka kwa mawaziri yakaenda kwa makatibu, mpaka yafike kwa mkuu wa wilaya, ambaye hunywa maji ya moto na kumbukumbu.

Bingwa wao wote alikuwa Mheshimiwa Ndauga, Waziri wa Afya na Akiba. Wizara hizo mbili ziliunganishwa ili kuokoa kibao kimoja cha mlangoni. Mtu huyu ana viwanda vya kuchambua pamba, ana meli, ana nusu ya mji mkuu, na nusu nyingine inamlipa kodi. Siku yake ya kuzaliwa tulialikwa uani kwake, tukaimba mshumaa ukiwa haujawashwa, akaupuliza, tukapiga makofi. Ana simu tatu na hajawahi kupiga hata moja. Hubipu. Jiko lake liliposhika moto aliwabipu zimamoto, kisha akakaa chini ya ukuta kungoja wampigie. Harusini huvaa koti ambalo mifuko yake imeshonewa nailoni kwa ndani, na ukimkumbatia kumpongeza unasikia sambusa zikivunjika.

Huyo ndiye aliyekabidhiwa afya zetu. Tulifurahi. Tulidhani mtu anayechunga mshumaa namna ile atachunga na watu.

*

Wafadhili kutoka ng'ambo walituletea gari la wagonjwa. Jipya, jeupe, lina taa ya kuzunguka juu. Taa iling'olewa siku ya kwanza, ikahifadhiwa nyumbani kwa Waziri isije ikachakaa. Wananchi wakaitwa uwanjani kusikia hotuba.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa Ndauga, "gari hili lina nafasi nane. Nauliza: gari la nafasi nane likibeba mgonjwa mmoja, zile nafasi saba zimesafiri kwa mafuta ya nani? Ya taifa. Serikali yangu haitasafirisha hewa. Kuanzia leo gari hili haliondoki mpaka wagonjwa wanane watimie. Kwenye mteremko injini izimwe, kwa sababu mteremko tumepewa bure na Mwenyezi Mungu na ni kukufuru kuuongezea petroli. Nawaomba sana, pangeni maradhi yenu. Ukihisi homa usikimbilie kuugua peke yako kama mtu mwenye choyo. Gonga kwa jirani, ulizaneni hali, muugue pamoja."

Tukapiga makofi. Makofi ya Kamulio ni ya vidole viwili, viganja visichakae.

Gari likawekwa kwenye kituo cha mtaa wetu, na juu yake, baada ya wa kwanza kuondolewa, akawekwa Bwana Lukwaro, zamani mpiga debe stendi, ambaye sasa aliitwa Msimamizi wa Ujazaji. Alipewa filimbi na kiti. Kiti kilirudishwa baadaye.

*

Asubuhi moja Mwantumu, mke wa Shomari fundi rangi, alishikwa na uchungu. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Bi Nunu, mkunga aliyetuzalisha sisi na waliotuzaa, aliingia chumbani, akakaa kidogo, akatoka akijifuta mikono.

"Mtoto katanguliza miguu," alisema. "Hapa pananizidi mimi. Hospitali, na isiwe kesho."

Shomari akang'oa mlango wa chumba chake, wakamlaza mkewe juu, wanaume wakaunyanyua mpaka kituoni. Wakamwingiza garini, Bi Nunu akaingia naye. Bwana Lukwaro akachungulia ndani.

"Mmoja," alisema. "Bado saba."

"Kaka, huyu anajifungua," alisema Shomari.

"Namwona. Hongera sana. Bado saba."

"Na huyu bibi je? Wawili."

"Bi Nunu haumwi, yeye ni mkunga. Hahesabiki. Na kwa kuwa hahesabiki, shikamoo bibi, naomba ukae chini, viti ni vya wanaohesabika."

"Marahaba," alisema Bi Nunu, akakaa chini. "Washa gari, mwanangu. Miguu ya mtoto ishaonekana."

Lukwaro alimvuta Shomari pembeni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto watano na kazi moja.

"Shomari, sikiliza. Aliyekuwa na filimbi hii kabla yangu aliondoka na wagonjwa sita. Wakamshitaki kwa wizi wa nafasi mbili za umma. Yuko ndani mpaka leo. Niletee watu saba wanaoumwa, nitaondoka hata mbio."

Basi mtaa mzima ukaanza kuugua.

Wa kwanza alikuwa Sihaba, msusi. "Nina kizunguzungu," alisema.

"Kizunguzungu gani?"

"Cha kuzunguka, Lukwaro, wewe umewahi kuona cha kusimama?" Akazunguka, akaanguka, akaandikwa.

Akaja Kipande, muuza mahamri. "Tumbo."

"Tangu lini?"

"Tangu niyale mahamri yangu."

Lukwaro, ambaye alikuwa ameyala hayohayo alfajiri, alimpisha bila swali la pili.

Nikafuata mimi. Nikasema nina njaa. Nikaambiwa njaa si ugonjwa, ni mchango wangu kwa taifa, je, nina kingine? Nikasema nina hasira. Akasema hasira haina dawa hospitali ya serikali. Nikafungua kinywa, nikamwonyesha jino, tukaelewana. Wakaja ndugu wawili wa kinyozi, wakaomba waugue pamoja kama wananchi walivyoelekezwa, mmoja mgongo, mwingine mgongo vilevile.

Ndipo akasogea Mzee Tindwa, mpasua kuni, mtu mzima mwenye kifua kama kabati.

"Mzee wangu," alisema Lukwaro, "wewe hapana. Wewe ukiingia watajua wote ni wazima."

Mzee Tindwa hakubishana. Aliokota tofali kando ya barabara, akalinyanyua mpaka usawa wa tumbo, akaliachia likamwangukia kwenye dole gumba la mguu. Tulisikia.

"Sasa?" aliuliza.

Lukwaro akaandika. Ndani ya gari Mwantumu alikuwa ameuma upindo wa kanga, na jasho limemlowesha mpaka nywele. Tulikuwa saba. Shomari akalichukua lile tofali, akavua kiatu.

*

Hapo hapo akatokea Mheshimiwa Ndauga, kwa miguu, viatu kavishika mkononi kuvinusuru soli. Alikuwa anakwenda mjini kwenye harusi ya binti wa gavana. Gari lake la wizara alikuwa amelikodisha kwa mtu wa kubeba nyanya. Akaona gari jeupe, mlango wazi, kiti kimoja kitupu. Akaingia. Akakaa.

Tukapiga kelele za furaha. "Wanane! Piga filimbi!"

Lukwaro akaiweka filimbi mdomoni, akaitoa. "Mheshimiwa, shikamoo. Mheshimiwa anaumwa?"

"Mimi? Mimi mzima kabisa, alhamdulillahi. Naumwa kwa gharama za nani?"

"Basi gari limejaa, Mheshimiwa, ila wagonjwa hawajatimia."

"Ni kweli," alisema Ndauga. "Sheria ni nzuri hiyo. Niliitunga mwenyewe."

"Mheshimiwa ashuke, basi," alisema Shomari, tofali mkononi. "Nikae mimi."

"Nishuke, na nimeshakaa?"

Bi Nunu akasema kutoka sakafuni, "Lukwaro, mwandike mgonjwa tu. Mwandike chochote. Mimi nikimtazama namwona anaumwa."

Ikabidi Lukwaro aeleze, huku anatazama chini, kwamba mgonjwa akiandikishwa hulipa ada ya shilingi moja. Mheshimiwa Ndauga alishtuka kweli, uso ulimbadilika rangi. "Nilipe shilingi kwa ugonjwa nisiokuwa nao? Wananchi, mnataka kunifilisi kwenye gari la wagonjwa?"

Sihaba akafungua fundo la kanga yake. Akatoa shilingi. "Tunakulipia, baba. Ugua tu."

Mheshimiwa akaipokea ile shilingi. Akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule, akaifuta, akaitia mfukoni.

"Asanteni," alisema. "Nitalifikiria suala lenu."

Jua likapanda. Alilifikiria. Nataka msomaji alijue hili vizuri: injini ilikuwa nzima, dereva alikuwepo, mafuta yalikuwemo, na hospitali ilikuwa ng'ambo tu ya mto. Kilichomzuia Mwantumu ni mtu mmoja aliyekuwa na nusu ya mji na shilingi ya msusi, na vyote viwili alikuwa amevikalia.

Mtoto hakuweza kulifikiria suala letu. Akazaliwa pale pale, gari limesimama. Wa kiume. Bi Nunu alimvuta kwa shida, akampiga matako, akampuliza puani, na baada ya muda ambao sitaki kuukumbuka, akalia. Alilia mara moja, sauti ndogo kama bawaba ya kabati. Rangi yake haikuwa nzuri.

"Anahitaji hewa ya mashine," alisema Bi Nunu. "Na mama yake anavuja damu. Lukwaro."

Lukwaro alimtazama mtoto, akamtazama Mheshimiwa, akatutazama sote kwa zamu. Macho yalikuwa yamemjaa maji. Kisha akapuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Wanane!" alisema. "Dereva, twende."

"Huyo wa nane ameshalipa?" aliuliza Mheshimiwa.

"Yake unayo mfukoni," alisema Sihaba.

Mheshimiwa akatazama dirishani.

*

Tuliondoka, Lukwaro mbele kando ya dereva. Shomari alikimbia nyuma yetu na kiatu kimoja, mpaka vumbi likamla.

Kati ya mtaa wetu na mto kuna mteremko mrefu. Dereva akazima injini kama alivyoamriwa, tukawa tunateremka kwa mwendo wa bibi harusi anayepelekwa kwa mume asiyemtaka. Kulikuwa na sauti ya matairi tu, na Bi Nunu akimpulizia mtoto mdomoni, pole pole, akipumzika, akimpulizia tena.

Tulipofika darajani Bi Nunu aliacha. Alimfunika mtoto vizuri, akamweka kifuani kwa mama yake, akaukunja mkono wa mama ukamzunguka.

Mheshimiwa Ndauga, ambaye huona kila kitu kinachopungua, akainama.

"Mtoto huyo hapumui," alisema.

Akageukia mbele.

"Bwana Lukwaro. Hesabu wagonjwa wako."

Lukwaro hakugeuka.

"Kama hapumui, mko saba. Na mkiwa saba mnajua utaratibu. Gari linarudi kituoni kungoja wa nane. Mimi nitashuka hapa, harusi si mbali. Sifurahii, lakini nikianza kuwaonea huruma watu saba, kesho watakuja sita."

Mwantumu alikuwa amelala kwenye damu yake. Tangu aingie garini hakuwa amesema neno. Midomo ilikuwa imekauka, na alipofungua macho hakumtazama mwanawe. Alimtazama Waziri.

"Anapumua," alisema.

"Binti, mimi sioni."

"Anabania pumzi, Mheshimiwa." Alimeza mate. "Kazaliwa Kamulio."

Mzee Tindwa aligeuza uso. Kipande aliziba kinywa kwa kofia yake. Nilimwona Lukwaro akiivunja filimbi mkononi, filimbi ya plastiki, kama mtu anayevunja mkate.

"Wanane," alisema. "Dereva, washa gari. Washa sasa hivi, na usizime tena."

Nilitegemea Mheshimiwa abishe. Hakubisha. Alivua miwani akaifuta, na mimi niliyekuwa namtazama kwa karibu naapa kwamba machozi yalimlenga, ingawa aliyazuia yasitoke.

"Hajafikisha hata saa moja duniani," alisema, "na ameshaelewa. Nina mawaziri wenzangu wana mvi na hawajaelewa."

*

Mwantumu walimshona, akapona. Daktari alisema angechelewa kidogo tu tungekuwa tunachimba makaburi mawili. Mtoto tulimzika jioni ile ile. Shomari alifika hospitali na mguu unavuja damu kwa mawe ya njiani, akakabidhiwa kanga iliyokunjwa.

Msiba ukawekwa kwao. Siku ya pili akaja Mheshimiwa Ndauga. Alikula kwanza. Alipokwisha kula akasimama, akatoa boksi dogo, akafungua. Ndani kulikuwa na nishani ya dhahabu, ya mtoto aliyebania pumzi.

Mtu mmoja akamnong'oneza kwamba yule mtoto alifariki. Waziri akasema anajua, ameshaarifiwa, na ndiyo maana nishani imepandishwa kutoka daraja la pili hadi la kwanza.

"Ndugu waombolezaji," alisema. "Mtazameni raia huyu. Hakunywa maziwa ya taifa. Hakuchanjwa. Hakukalia dawati wala kuandikia chaki. Hakudai kazi, hakudai pensheni. Dawa hakumeza hata kidonge. Amekuja, ameona hali ya bajeti, ameondoka. Hata kaburi amechukua la kiasi. Nawauliza ninyi mliojaa hapa na miili yenu mikubwa, nani kati yenu amelifanyia taifa jambo kama hilo?"

Sikumbuki kama kuna aliyepiga makofi. Nakumbuka sufuria moja ikianguka jikoni, na wanawake wote wakiacha kuosha vyombo.

"Nishani hii," aliendelea, "ni dhahabu tupu, na nchi ina moja tu. Kwa hiyo familia itakaa nayo mpaka alasiri, kisha nitaondoka nayo."

Mwantumu alikuwa amekaa mkekani, kwenye kona. Akanyoosha mkono. Waziri akampa. Akaiangalia kidogo, akashika ukuta, akainuka kwa taabu, maana nyuzi zilikuwa bado mbichi. Akaenda uani. Akarudi mikono mitupu, akakaa palepale alipokuwa.

"Iko wapi nishani, binti?"

"Chooni."

"Umeisahau chooni?"

"Sijaisahau."

*

Choo chao ni cha shimo, shimo refu, alilichimba babu yake Shomari enzi ambazo watu walikuwa wakichimba kwa moyo. Mheshimiwa Ndauga alilizunguka akishika kichwa. Akaita wachimbaji, akauliza bei, akawafukuza. Akawaita wazibua vyoo, akauliza bei, akakaa chini. Akatupigia mahesabu sisi waombolezaji, mmoja mmoja, nani angeingia kwa ajili ya nchi yake. Wote tulikuwa tunaumwa. Mzee Tindwa alimwonyesha dole gumba.

Mwishowe akamwendea Shomari, akamwekea mkono begani.

"Kijana, wewe fundi rangi. Una ngazi ndefu?"

"Ninayo."

"Niazime. Bure, maana msiba umetufanya ndugu."

Shomari akaenda kuileta ngazi. Wakaondoa mbao za juu. Mheshimiwa akavua koti, akavua suruali, akavikunja akavifunga kwenye gazeti. Akabaki na chupi iliyoshonwa kwa gunia la unga wa msaada, maandishi ya wafadhili yakisomeka nyuma. Akaziba pua, akateremka, ngazi ikilia chini yake, mpaka tukawa tunaona kipara tu, kisha hata kipara hatukukiona.

Tulingoja. Inzi walikuwa wengi.

"Nimeipata!" ilisikika kutoka chini, na kusema kweli sijawahi kusikia sauti ya mtu mwenye furaha kama ile. "Nzima! Haina hata mkwaruzo!"

Mwantumu akatokea mlango wa uani, kajitanda kanga ya msiba. Akalitazama shimo. Akamtazama mumewe.

"Shomari, ngazi yetu iko wapi?"

"Nimemwazima Mheshimiwa."

"Ilete. Naitaka."

"Mama," alisema Ndauga kutoka chini, "ngoja kwanza nipande."

"Ngazi ni ya nani, Mheshimiwa?"

Mtu aliyeishi maisha yake yote akijua kila kitu ni cha nani hakuweza kudanganya hapo.

"Ni yenu," alisema.

Shomari akashika ncha ya ngazi, akavuta. Mzee Tindwa akachechemea akamsaidia. Ikatoka pole pole, ndefu, inachuruzika, na kutoka shimoni Mheshimiwa akaanza kuahidi: zahanati, gari la pili, la tatu, taa ya kuzunguka kwa kila moja, ahadi zikipanda kwa wingi ambao Kamulio haijapata kuuona, nzuri zote, na sote tukazisikiliza mpaka mwisho.

Wakailaza ngazi majanini. Mwantumu akachota maji kisimani, akaimwagia. Akachota tena, akaimwagia, yakafurika uani, yakapita mlangoni, yakaingia barabarani, na alikuwa bado anachota.